Jina Kwenye Wimbo wa Kinu

Wimbo wa kinu ulipoanza kupigwa kwenye bajaji za Songea, Asumpta alikuwa uani kwake Mjimwema akipukuchua mahindi, na mwanzoni hakuutambua. Alisikia ngoma nzito isiyo ya kwao, ngoma ya vijana, ile inayodunda mpaka vioo vya dirisha vinaitikia. Halafu juu ya ngoma ile ikapanda sauti ya mwanamke: "Lala eee, lala kinu, lala." Gunzi likamtoka mkononi.

Bajaji ikakata kona ya kwenda sokoni, sauti ikafifia. Mkwe wake Hilda, aliyekuwa anapepeta pembeni, akamuuliza kama ameumwa na kitu.

"Nani yule anayeimba?" Asumpta akauliza.

"Kumbe hujui, mama? Ni Bibi Benigna wa Mshangano. Mji mzima unaucheza. Wimbo wa zamani, wameuchukua wakautia mdundo. Hata kwenye simu wameandika: Bibi Benigna, Malkia wa Kioda."

Asumpta aliokota gunzi lake akaendelea kupukuchua, lakini punje zilikuwa zinaruka nje ya ungo kama zimefukuzwa. Sauti ile haikuwa ya Benigna. Ilikuwa yake yeye.

Asumpta alizaliwa upande wa Peramiho, akasoma mpaka darasa la saba, akaolewa na Pankrasi, fundi mwashi aliyejenga nusu ya nyumba za matofali ya kuchoma za Mjimwema. Pankrasi alikwisha tangulia. Kilichobaki ni watoto watano, shamba dogo, cherehani ya miguu ambayo mpaka leo inashona, na kumbukumbu. Kumbukumbu yake ndiyo watu wanayoiogopa. Wakigombania mpaka wa kiwanja, yeye ndiye huitwa, maana anakumbuka nani alipanda mti upi wa mlingoti, na mvua ya mwaka ule ilianza lini. "Mimi sisahau," hupenda kusema, na akisema huinua kidevu.

Ujanani alikuwa kwenye kikundi cha kioda cha Lizaboni. Kioda ni ngoma ya kina mama: magauni meupe, mistari iliyonyooka kama ya askari, filimbi mbele, ngoma nyuma. Na kama askari, walikuwa na vyeo vyao. Kulikuwa na malkia, ndiye aliyepuliza filimbi na kuanzisha wimbo. Kulikuwa na nesi, ndiye aliyekagua wenzake kabla ya kuingia uwanjani: kucha, soksi, magauni. Mwenye doa alitolewa kwenye mstari, hata awe dada yake.

Ulipofika uchaguzi, Asumpta na Benigna wote wawili walitaka umalkia. Benigna alikuwa na shingo ndefu, na mume wake karani, na cheko la kuvuta watu. Akashinda kwa mbali. Asumpta wakampa unesi, kama mtu anavyopewa mfupa ili asinung'unike. Kwamba Benigna alikuwa na sauti nzuri, hilo Asumpta hakulikataa. Alisema tu kwamba ni nzuri kama sukari ilivyo nzuri, ukishailamba umeimaliza.

Na kwa kuwa ndiye aliyekuwa na cherehani, ndiye aliyeshona sare za kikundi kizima, na gauni la malkia humo humo. Hilo alilishona kwa mikono miwili na roho moja mbaya. Kwapa la kulia alilibana kwa makusudi, ili Benigna akitaka kuinua filimbi asiinue sana. Benigna akalivaa, mkono ukagoma kupanda, akaishika filimbi karibu na kifua siku nzima. Watu wakasema, mwoneni malkia wetu, ana haya, ana heshima. Hata hilo likageuka sifa.

Desturi ya kikundi ilikuwa hivi: kila wimbo uliitwa kwa jina la malkia. Uutunge wewe jikoni kwako, ukishaingia uwanjani ni wimbo wa malkia, kama mtoto anavyochukua ukoo wa baba. Mwaka 1981 watu wa redio walikuja na gari lao, wakasimamisha maikrofoni uwanjani Lizaboni, wakarekodi nyimbo nne. Wimbo wa kinu ulikuwa mmojawapo. Waliutunga mashine ya kusaga ilipofika mtaani, wakimuaga mzee kinu apumzike. Baada ya miezi wale watu wakaleta kanda moja. Kanda ikaenda kwa nani? Kwa malkia. Ikalala ndani ya sanduku la Benigna miaka arobaini na zaidi. Asumpta aliiomba mara tatu, na mara tatu akajibiwa kwamba redio mbovu, kanda ya nini.

Lakini wimbo alikwisha kuusikia redioni mara mbili. Benigna anaanza: "Kinu lala, umetuchosha mikono." Kisha wapokeaji wanajibu, na kati yao sauti moja inawaacha wenzake chini, inapanda, inapanda, halafu inakatika kama uzi. "Unanisikia?" Asumpta alimuuliza Pankrasi siku ile. Pankrasi akasema anamsikia. Basi, tangu hapo alikuwa kama mtu mwenye nguo nzuri sandukuni: haivai, lakini anajua ipo.

Sasa nguo imevaliwa na Benigna, na mji mzima unampigia makofi.

Jumatano asubuhi akafunga kitenge, akateremka mpaka Lizaboni kwa miguu. Studio iliyoutia wimbo mdundo ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya simu, chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isitoroke. Mwenyewe, Dennis, alikuwa mtu wa Iringa, amemfuata mkewe mwalimu aliyehamishiwa huku.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye yule Mhehe?"

"Ndiye mimi, mtani."

"Mbwa wako umemfunga? Mimi naogopa mbwa."

"Usiwe na wasiwasi, yule tulimla Jumapili. Karibu ndani, ila usinilie panya wote wa stoo, nyie Wangoni nawajua."

Asumpta alicheka bila kutaka, kisha akakumbuka alichojia, akakaa kwenye benchi. "Nimekuja kwa wimbo wa kinu. Ile sauti ni yangu."

Dennis akaacha kucheka. Aliwasha kompyuta, kioo kikajaa mistari ya rangi, mmoja chini ya mwingine, kama kitenge kilichotandazwa.

"Bibi, zamani wimbo ulikuwa kama kande," akasema. "Mahindi, maharage, chumvi, kitunguu, vyote chungu kimoja. Ukishaiva, nani atakitoa kitunguu? Sasa kompyuta inachambua. Tazama. Hii ya juu ni ngoma. Hii ni filimbi. Hii ni sauti ya kuanzisha. Hawa ni wapokeaji. Na hii hapa ni sauti moja ya mpokeaji iliyokuwa karibu zaidi na maikrofoni, ikajitenga yenyewe. Mimi naziita droo. Hii ya mwisho ndiyo niliyoichukua nikairudia-rudia juu ya mdundo wangu."

"Ndiyo hiyo."

"Na huko tuendako, bibi, hakuna atakayetuma wimbo uliokwisha kupikwa. DJ wa Nairobi, wa Afrika Kusini, wa Ulaya, anataka avipate vitu vibichi, kila kimoja na sahani yake, apike mwenyewe. Wanatengeneza mafaili ya namna hiyo sasa hivi. Faili moja, droo nyingi, na kila droo ina jina la mwenye sauti limeshonwa humo. Mtu akichukua kipande akaenda nacho China, jina linakwenda nacho."

Asumpta akainua macho. "Limeshonwa kwa nje au kwa ndani?"

"Kwa ndani."

"Likifumuliwa?"

"Mwizi hakosekani. Ila nasikia masoko ya muziki yataanza kuyakataa mafaili yasiyo na majina. Ndiyo maana nataka letu liende kamili. Nalituma keshokutwa, Ijumaa saa sita mchana, kwa mtu wa Dar anayekusanya nyimbo za zamani kwa ajili ya hao ma-DJ. Likishaondoka halirudi. Nakala zitakuwa kwa watu ambao mimi na wewe hatutawajua mpaka tunakufa."

"Na kwenye droo yangu umeshona jina la nani?"

Dennis alijikuna shingo. "Zote nimeandika Benigna. Dada Rosemary, binti yake, ndiye aliyeleta kanda. Alisema nyimbo zote ni za mama."

"Zote? Hata ngoma?"

"Hata ngoma."

"Ngoma alipiga Bartolomeo. Alikuwa na ndevu mpaka hapa."

"Bibi, mimi sikuwepo."

"Hukuwepo, kweli. Nyie mlikuwa kwenye vilima vya kwenu mnafukuzana na mbwa." Alisimama, akajitengeneza kitenge. "Sasa mimi nilikuwepo. Andika Asumpta."

Dennis hakuwa mtu wa kupelekeshwa. Alisema hawezi kufumua jina la bibi mmoja kwa maneno ya bibi mwingine. Waje wote wawili kesho, wakae kwenye benchi hilo, wasikilize pamoja. Watakalokubaliana ndilo atakaloandika.

Alhamisi Benigna alifika kwa bajaji. Alikuwa amepungua mwili lakini shingo ilikuwa pale pale, na mwavuli mkononi, ingawa hapakuwa na mvua wala jua la kusumbua. Alimkuta Asumpta amekwisha kufika, amekaa katikati ya benchi.

"Mama Isidori, bado unatembea kwa miguu?"

"Natembea, Mama Rosemary. Wenye magoti mabovu ndio wapanda bajaji."

"Sogea basi nikae, au benchi nalo ni lako?"

Asumpta akasogea, kidogo tu. Dennis akapiga wimbo mzima kama ulivyotoka kwenye kanda. Ilipofika sauti ile ya kupanda, Benigna akatikisa kichwa na kutabasamu. "Nilikuwa na koo, jamani."

"Ulikuwa unaanzisha," Asumpta akasema. "Utaanzisha na kupokea kwa mdomo mmoja?"

"Naanzisha, kisha naitikia na wenzangu. Malkia hanyamazi."

Dennis akazifunga droo moja moja. Ngoma ikazimika. Filimbi ikazimika. Sauti ya kuanzisha ikazimika, na Benigna akatazama spika kama mtu aliyekatwa kauli. Wapokeaji wengine nao wakaondoka. Ikabaki sauti moja peke yake katika chumba kile cha trei za mayai, "Lala eee, lala kinu, lala," ikapanda, ikakatika. Asumpta alihisi nywele zinamsimama chini ya kitambaa. Ilikuwa nzuri kuliko alivyoikumbuka.

Halafu, baada ya kukatika, kikaja kitu kidogo. Dennis akarudisha nyuma, akaongeza sauti. Kilikuwa ni kwikwi. Kwikwi ya mtoto mchanga, mara mbili, na mguno mdogo wa kutaka kulia. Kisha yule mwimbaji, kabla ya kupokea tena, akambembeleza: "Shii, shii," taratibu, kwa pumzi tu. Kwenye ngoma na makofi isingesikika asilani.

"Kuna mtoto," Dennis akasema. Aliwageukia. "Huyu aliyeimba alikuwa na mtoto mgongoni. Nani kati yenu alikuwa na mchanga mwaka ule?"

Benigna alivua miwani yake akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa tena.

"Mimi sikuwa naye," akasema. "Rosemary alikuwa keshaanza shule. Mwenye mchanga alikuwa Mama Isidori." Alimgeukia Asumpta, na uso wake ulikuwa hauna ujanja wowote. "Basi ni wewe. Miaka yote hii nilidhani naimba mimi. Mwandike, kijana. Mimi namwachia."

Asumpta alikuwa amekwisha fungua mdomo kusema unaona, na mdomo ukabaki wazi hivyo hivyo. Kumbukumbu yake, ile anayojivunia, ilikuwa imeamka na inamletea siku ile yote, bila kuulizwa.

Siku ile nesi alitoa amri: hakuna kubeba mtoto uwanjani. Magauni meupe na mkojo wa mtoto mbele ya wageni wa redio havikai pamoja. Na yeye nesi alitii amri yake, akamwacha mwanawe Isidori kwa mama mkwe. Anakumbuka kwa sababu ilipofika saa sita maziwa yalikuwa yamemjaa, yanachuruzika, akaimba mikono ameipishanisha kifuani ili doa lisionekane. Mmoja tu alikaidi. Edna, mke wa dereva, mtu wa kutoka Nyasa, mpole, mgeni mtaani, hana wa kumwachia. Alikuja na mtoto wake Saimon mgongoni. Asumpta alimfokea mbele ya watu. Akamshika mkono akamtoa kwenye mstari: "Kaa huko pembeni, usituharibie." Na huko pembeni, karibu kabisa, ndiko mtu wa redio alikokuwa amesimamisha chuma chake cha maikrofoni.

"Bibi?" Dennis akasema. "Niandike?"

"Andika," Asumpta akasema.

Akalitazama jina lake likiingia kwenye kioo, herufi baada ya herufi. Lilikuwa jina zuri.

Alirudi nyumbani ameinua kifua. Alisema moyoni kwamba maziwa yale ni ya zamani mno, mtu anaweza kuchanganya. Labda ilikuwa siku nyingine. Labda Isidori aliletwa baadaye. Alijitafutia labda nyingine na nyingine mpaka akafika Mjimwema.

Jioni ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwa jirani. Kumbe habari zilikwisha mtangulia. Hata rozari haijaanza, kina mama wakamzunguka.

"Hongera, Mama Isidori. Tumesikia Mama Rosemary amekuachia wimbo."

"Ameniachia?"

"Sema yule mama ana moyo. Angekuwa mwingine asingetoa. Wimbo umeshika chati, halafu unampa mwenzio, hivi hivi."

"Ni malkia kweli," mwingine akadakia.

Kila hongera iliyotoka midomoni mwao ilipita kwake ikaenda kutua Mshangano. Asumpta akawa anaitikia asante, asante, na kila asante ilimkwaruza. Halafu mmoja akasema hebu waimbie kidogo, wamsikie mwenye sauti. Hilda akawasha simu, mdundo ukaanza, wakamnyamazia. Asumpta akavuta pumzi na kupokea. Kilichotoka kooni kilikwenda chini. Alijaribu tena. Kikaenda chini vile vile, kikakaa mahali pake kwa raha, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Koo lake lilikuwa linakumbuka kipande chake, na kipande chake kilikuwa kile cha chini, cha wengi.

"Uzee," akina mama wakasema kwa huruma, wakaanza rozari.

Aliporudi alimkuta Rosemary ameketi barazani anamngoja, ana kifurushi. Kitenge kipya, bado kina karatasi ya dukani. "Mama amesema ukivae siku wimbo ukipigwa kwa jina lako. Amesema amefurahi kukupa."

Asumpta alikipokea, akashukuru, akakiweka juu ya cherehani. Hakukifungua. Alikaa akikitazama mpaka Hilda akamwuliza kama hatakula. Kukosa alikuwa amezoea. Alikosa umalkia, akakosa kanda, na hakufa. Lakini kupewa, na kupewa na Benigna, na Benigna kupata sifa ya kutoa juu ya sifa ya kuimba, hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Na nyuma yake palikuwa na mwiba mwingine, ule asioutaka kabisa kuugusa. Edna. Edna ambaye hakugombea chochote, hata unesi. Aliyekuja na mtoto mwenye kwikwi, akafukuzwa kwenye mstari, akafungua mdomo tu.

Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa Mshangano, mlangoni kwa Benigna, kitenge kwapani na karatasi yake.

"Chukua kitu chako, Mama Rosemary. Mimi sikuja duniani kupewa na wewe."

Benigna alikuwa anakunywa uji. Akaweka kikombe chini. "Asubuhi yote hii umeamka na matusi?"

"Si mimi niliyeimba. Wala si wewe. Ni Edna."

"Edna yupi?"

Hata Asumpta, pamoja na hasira zake, swali hilo lilimchoma. "Edna wa Nyasa. Aliyefariki mwaka wa themanini na tatu. Mama yake Saimon seremala, hapo chini kwako. Kabati hilo nyuma yako amelitengeneza yeye."

Benigna akageuka akalitazama kabati, kama vile Edna atatoka humo. Kisha akamrudia mwenzake. "Na jana ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza ukaandikwa."

"Nikanyamaza nikaandikwa."

"Sasa kwa nini leo unasema?"

"Kwa sababu ulinipa."

Benigna alimkodolea macho, halafu akaanza kucheka, lile cheko lake la kuvuta watu, mpaka akakohoa. "Wivu utakuua, Asumpta."

"Una miaka hamsini unajaribu. Vaa viatu, tunachelewa. Saa sita linaondoka."

Walimkuta Saimon kwenye banda lake, anapiga randa mbao ya mlango. Ni mtu mzima mwenye mvi za kwanza na watoto wanaosoma sekondari. Aliwaamkia wote wawili, akaenda kuwatafutia kigoda. Asumpta akasema hawakai. Alimweleza akiwa amesimama, kwa maneno machache, na hakuficha kwamba yeye ndiye aliyemtoa mama yake kwenye mstari. Saimon alifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena, akachukua shati lililoning'inia kwenye msumari.

Dennis aliwaona watatu wakishuka kwenye bajaji akashika kichwa. "Leo mmeongezeka. Nani tena ameimba?"

"Fumua jina langu," Asumpta akasema. "Limekaa pasipo pake."

Alipokwisha kueleza, Dennis akamgeukia Saimon akamwuliza jina kamili la mama. Saimon akasema Edna. Dennis akangoja. Saimon akasema hajui zaidi. Alikuwa na miaka miwili, baba alihama na gari lake, na bibi aliyemlea alimwita mama yake marehemu tu. Hakulisema kwa kulalamika.

Asumpta aliliona benchi, akakaa. Angeweza kusema naye hajui. Ni nani angemwuliza? "Edna Athanasi," akasema. "Wa Lituhi. Mama yake aliitwa Biasha, alikuja huku mara moja, kwenye ubatizo wako, na ndoo ya samaki wakavu. Mama yako alikuwa mfupi, mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la moto. Alipika chapati za duara kweli." Kila alichosema kilitoka kwa shida, kama sindano inayopita kwenye turubai, na kila kilipotoka Saimon alimtazama mdomoni kungoja kingine.

Dennis akaandika. Kwenye ngoma akaandika Bartolomeo. Kwenye filimbi na kuanzisha akaacha Benigna. Kwenye droo ya wapokeaji akamwandika Asumpta na wale wengine tisa, na ni Asumpta huyo huyo aliyemtajia majina yao yote, walio hai na waliozikwa. Jina lake mwenyewe likawa la kumi kati ya kumi, maana ndivyo alivyolitaja, la mwisho, kwa hasira.

"Bado dakika arobaini," Dennis akasema. "Kaka, unataka kumsikia kabla halijaondoka?"

Saimon akatikisa kichwa kukubali.

"Na wengine, au niwafunge?"

"Wafunge."

Zikazimika: ngoma, filimbi, malkia, wapokeaji. Sauti ya Edna ikabaki, ikapanda, ikakatika kama uzi. Kwikwi. Shii, shii. Saimon aliinama akaweka viwiko juu ya magoti. Ilipokwisha, akaonyesha kwa kidole tu: tena. Dennis akarudia. Ilipokwisha, tena.

Mara ya tatu Benigna akaanza kutapatapa kwenye benchi. Akamsogelea Asumpta sikioni. "Mbona sisi katuzima moja kwa moja? Si angetuacha hata kwa mbali?"

"Nyamaza, Mama Rosemary. Mtu anamsikiliza mama yake."

Lakini Asumpta mwenyewe roho ilikuwa inamuuma, na ilimuuma kweli. Alikuwa anausikiliza wimbo waliouimba watu kumi na wawili ukiwa umebaki na mmoja, na alikuwa anausubiri uyumbe. Miguu yake chini ya benchi ilikuwa inahesabu. Mahali pake pa kupokea palipofika, kile kipande cha chini kilipanda chenyewe mpaka kwenye meno. Asumpta akafunga mdomo, akapaacha papite. Wimbo haukujikwaa bila yeye, na hilo nalo akalimeza.